Rosaria na Donge Lisilongoja Saa

Rosaria Nkonde alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na ulimi usiojua kupiga magoti. Pale Kashikishi, kando ya ziwa, watu walimwita BanaFebby, mama yake Febby, na kazi yake tangu utoto ilikuwa kukausha samaki. Mwaka 1954, boma la Nchelenge, yaani ofisi ya serikali, lilipofungua darasa la mapishi kwa wanawake, yeye ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Alitaka kujua mkate. Wavuvi walikuwa wanavuka ziwa hadi Kongo kuufuata, na yeye alisema ni aibu watu wazima kupiga kasia kutwa nzima kwa ajili ya kifungua kinywa.

Mwalimu wao alikuwa mama wa Kizungu aliyekaa miaka mingi Katanga, huko Kongo. Alifundisha kwa Kiswahili cha huko, na wote walimwita Madamu. Alikuwa na karatasi moja iliyobandikwa ukutani, na saa ya mezani. Karatasi ilisema: kanda unga, weka hamira, funika, ngoja masaa mawili, choma. Darasa lilianza Julai, upepo wa baridi ukitoka ziwani. Donge liliumuka taratibu, na saa ilipogonga lilikuwa limejaa bakuli kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Mkate ulitoka mwororo. Wanawake walipiga vigelegele.

Ikaingia Oktoba. Mchanga wa ufukweni ulichoma nyayo hata kabla ya adhuhuri, na nyumba ya darasa, yenye paa la bati, ikawa tanuri. Sasa donge lilipanda upesi, likafurika, likaanza kunuka kama pombe, kisha likanywea katikati. Mikate ikatoka mizito, michachu. Ikawa hivyo wiki mbili mfululizo.

Madamu alivunja mkate mmoja, akaunusa, akautupa mezani. "Hamunawi mikono," alisema. "Uchafu ndio unaharibu mukate."

Wanawake waliinamisha vichwa. Rosaria hakuinamisha chake.

"Madamu, mikono yetu haina kosa. Ile ya Julai ni hii hii. Ni joto ndiyo inakimbiza hamira. Masaa mawili ni mingi sana."

"Wewe ulisomea wapi mukate?"

"Sikusoma mukate. Nilisoma samaki. Upepo wa Oktoba ukiwa mukavu, samaki mudogo ninamuanika asubuhi, jioni ninamufunga ndani ya gunia. Wakati wa baridi anakaa siku mbili, tatu. Ningemuhesabia siku sawasawa kila mwezi, watoto yangu wangekula nini?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Madamu akawa mwekundu. "Hapa tunafuata karatasi. Mutu hataki kufuata, mulango ni ule."

Rosaria alibeba bakuli lake na donge lake, akatoka.

Nyumbani mumewe, Kafula, ambaye yeye alimwita BashiFebby, baba yake Febby, aliacha nyavu alizokuwa akishona. "BanaFebby, ungenyamaza tu upate cheti. Boma itampa mwenye cheti kazi ya kuoka mikate ya nyumba ya wageni."

"BashiFebby, nikubali kwamba mikono yangu ni michafu?"

Kafula alichukua jembe akamsaidia kuchimba tanuri ndani ya kichuguu nyuma ya nyumba.

Siku zilizofuata Rosaria alikanda na kukosea, akakanda tena. Aliacha kukadiria masaa mawili kwa jua, akawa anabonyeza donge kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole na kubakiza alama, tayari. Wakati mwingine haikufika hata saa moja. Akitaka kulichelewesha, alilifukia bakuli hadi shingoni kwenye mchanga mbichi chini ya matete, penye ubaridi. Mikate mitatu ya kwanza ililiwa na kuku. Wa nne, Febby aliumaliza na maganda yake.

Siku ya mtihani alirudi bomani bila kualikwa. Mikate ya wenzake ilikuwa imelala mezani, imebonyea. Rosaria akaweka wake katikati yao, ukiwa bado na joto.

"Nimenawa mikono, Madamu," alisema.

Madamu alikata kipande, akatafuna, akakata kingine. "Ni mukate muzuri," alisema mwishowe. "Lakini cheti sikupi. Haukufuata karatasi."

"Cheti hakiliwi, Madamu."

Kazi ya nyumba ya wageni ilikwenda kwa Eneless, mwenzake wa darasani aliyepata cheti, na Rosaria hakumwonea wivu, ingawa usiku ule alilia kidogo. Eneless mwenyewe ndiye aliyekuja kwake Jumapili baada ya ibada kuomba afundishwe kubonyeza donge, na wengine wakafuata. Rosaria alimfundisha kila mmoja katika nyumba ya mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu nyumba ya nyasi si sawa na nyumba ya bati kwa joto.

Baridi iliporudi mwaka uliofuata, wateja wa mikate ya Rosaria walikuwa wengi na donge lilikuwa zito kuumuka. Sampa, mchuuzi aliyepeleka samaki bara kwa baiskeli, alisimama uani akinung'unika kwamba jua linamwacha.

"Mukate bado," Rosaria alimwambia bila kuinua macho. "Ukiwa na haraka, kanunue mihogo."

Sampa aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa.