Faili Niliyoituma Bila Kuifungua

Laiti ningemkatalia mjomba siku ile. Alikuja ofisini Ijumaa baada ya swala, wenzangu hawajarudi, akaweka diski juu ya meza yangu. Uhuru ulikuwa umeshapata umri wa mtu mzima, nami nilikuwa karani wa hoteli moja ya Diani, mwenye kidato cha nne na ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkeo hajambo? Au bado akulisha mahindi kama kuku?"

Mke wangu alikuwa Mkamba, mtu wa bara, mwenye kibanda cha chai Ukunda. Nikacheka kama nilivyozoea. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mtu, kumpita hata baba. Hata posa yangu aliipeleka yeye, akinung'unika njia nzima.

"Nataka karatasi zilizo humu," akasema. "Nyingi. Usiulize."

Kompyuta zile hazikuwa na picha wala kipanya. Uliandika amri kwenye kioo cheusi: copy, jina la faili, prn, na printa ikaanza kugonga. Faili haikuhitaji kufunguliwa. Nilijiambia nisichokisoma si changu, nikaituma.

Printa ya sindano hugonga herufi kwa ncha za chuma, mstari mmoja mmoja, kwa kelele. Nilisoma kila mstari ulivyotoka. Watu wa bara waondoke pwani. Atakayebaki atakatwa, na nyumba yake itachomwa.

"Na mke wangu, mjomba?"

"Nyumba yako haitaguswa. Nimeshasema na hao vijana." Akaniinamia begani. "Endelea, mpwa. Au wataka nikawaambie umekataa?"

Kulikuwa na kitufe cha kurudia amri ya mwisho. Nilikibonyeza mpaka rundo la karatasi likaisha.

Vijana wenye mapanga walikuja kibandani kwa mke wangu kesho yake asubuhi, watu wakinywa chai. Nilikuwepo. Walianza kwa kummwagia mteja mmoja birika zima la chai ya moto usoni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa seremala, akatoka na nyundo kumkinga dada yake. Walimkata mkono kwanza. Nyundo ilipoanguka wakamkata kichwani, na wakaendelea hata alipokwisha kutulia. Nikapiga kelele kuwa mjomba alinipa ahadi. Kijana mmoja niliyemfahamu akanipiga ubapa wa panga mdomoni.

"Mjombako katuambia nyumba," akasema. "Hiki ni kibanda."

Wenzake wakacheka, wakakitia moto.

Walipoondoka walitupa karatasi zao juu ya maiti. Mke wangu akaokota moja. Sindano moja ya printa yetu ilikuwa imekatika, ikiacha mstari mweupe katikati ya kila neno, na yeye alikuwa akifungia mandazi kwa karatasi mbovu nilizomletea kutoka kazini, zenye mstari huohuo. Akaninyooshea.

"Hii ni ya kazini kwenu."

"Mjomba alinilazimisha."

"Alikushika mkono?"

Damu ilikuwa imenijaa mdomoni. Nikatikisa kichwa.

Aliondoka na lori lililobeba maiti ya nduguye, binti yetu mgongoni. Baadaye niliwafuata kwao mara mbili. Wazee wakanizuia langoni, na mara ya pili wakanipiga. Sikuwalaumu. Mjomba alikufa kitandani kwake, nami nilisaidia kumzika.

Shemeji yangu aliuawa kwa karatasi nilizochapa mimi. Mke wangu hakurudi. Binti yangu amekua, ameolewa na kuzaa, na hata leo haijui sura yangu.