Mabati ya Mama, Matanga ya Baba

Wenzangu mliolelewa chini ya paa la nyasi mnajua raha yake: ubaridi mtamu wa mchana, sweta inayonuka moshi hadi darasani, na panya wanaokimbizana juu yenu kama wana mashindano. Karaha yake pia mnaijua. Kwetu, nje kidogo ya Kimilili, mvua ya mlimani ikianza Mama alikuwa akisogeza vitanda vyetu huku na huku akitafuta mahali pakavu. Miaka na miaka alimwomba Baba mabati. Baba alijibu kwamba nyumba ya bati inapika watu.

Mwishowe alikubali, mawingu ya msimu yakianza kukusanyika. Mabati yakanunuliwa kwa Mhindi pale Kitale, na fundi akatoka huko huko mjini, mcheshi kweli lakini mgeni wa mila zetu. Baba akapanda baiskeli kwenda soko la Lwakhakha, Mama akateremka mtoni, sisi tukabaki kuokota nyasi kuukuu zilizokuwa zikitupwa chini.

Sasa, kwetu Wabukusu, kileleni mwa nyumba huchomoza kijiti, nacho ni cha mwenye boma. Akiwa hai hakiguswi. Akifa ndipo hung'olewa, na apitaye njiani akiona kilele kitupu haulizi maswali, anaanza kulia. Fundi wetu alianza na kijiti.

Kilio kiliingia kutoka barabarani, kikapokewa ng'ambo, na kabla hatujaelewa boma limejaa. Mama alipanda kutoka mtoni mbio bila mtungi, akiamini Baba amegongwa njiani. Alianguka pale mlangoni akalia mpaka sisi watoto nasi tukalia, ingawa hatukujua tunamlilia nani. Aliyelia kuwashinda wote ni jirani yetu Wafula, aliyegombana na Baba juu ya mpaka wa shamba tangu nizaliwe. "Mtu wa haki!" alisema. "Hajawahi kunisogezea mpaka hata kidogo!"

Ndipo Baba akatokea akisukuma baiskeli. Akavua kofia kwa heshima. "Poleni, jamani," akasema. "Ni nani ametuacha?"

Wanawake walitawanyika hadi kwenye mahindi. Baba alipoambiwa ni yeye, alimgeukia Wafula. "Hebu rudia hapo pa mpaka, wote wasikie."

Watu wakacheka, lakini alipoona kijiti chake kimelala kwenye takataka, uso ulibadilika. Akasema fundi amemzika mzima mzima, mabati yarudi Kitale na nyasi zirudi juu. Mlima ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa mvua. Mama akainuka, macho bado mekundu. "Leo nimeshakuwa mjane," akamwambia. "Usiniongezee na kunyeshewa."

Baba akavua koti na kushika ngazi. Waliokuja kulia wakapokezana mabati, Wafula mbele. Kijiti kikapigiliwa juu ya bati, na pale pakavuja maisha yote. Mvua ilitukuta tumejazana ndani, chai ya matanga mkononi, tukipigiana kelele bila kusikiana. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza.

Mwezi uliopita tumeyabadilisha mabati yale. Haya ni ya rangi, yaliagizwa kwa simu, na wapwa zangu walichouliza tu ni kama Wi-Fi itapenya. Vijana hawa hata panya wa darini hawamjui. Mafundi walifungua paa lote, likakaa wazi wikendi nzima. Watu walipita barabarani, wengine wakapiga picha. Mama, ambaye sasa ni mjane wa kweli, siku ya kwanza alitupikisha sufuria kubwa ya chai, kama ile ya matanga, kisha akaketi nje kwenye kiti cha plastiki, uso kwenye njia. Hakuna aliyeingia kuuliza kama sisi ni wazima. Jioni ile chai tuliimwaga.