Ugali wa Wageni

Mimi na dada yangu tulikuwa na kisukari cha sindano. Nyumbani Buzebazeba tulijipima sukari mama akisonga ugali, na akianza kupakua tulijichoma insulini. Siku moja wageni walipiga hodi dada ameshajichoma, mimi bado. Mama akawapelekea ugali na samaki wote, migebuka ya ziwani, akabandika maji upya. Insulini bila chakula huangusha mtu, lakini dada aliona haya kuomba hata sukari mbele ya wageni. Nilijua, nikanyamaza naye. Adabu gani ile! Ugali wa pili ulipoiva, alikuwa ameanguka uani. Hakuamka tena.

Siku hizi najichoma sahani ikiwa mbele yangu. Mgeni akibisha, mama huacha mwiko na kuuliza, "Umeshajichoma?" Huniita kwa jina la dada, nami huitika.