Chungu Alichokunywa Séraphine

Muzee Mbusa wa Butembo hakuuawa na wifi yangu Séraphine. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni, kwenye foleni ya maji, na hata nje ya kanisa baada ya misa, na watu wanaonisalimia vizuri kisha wanainama kwenye masikio ya wenzao. Muzee alifariki mwaka jana nyumbani kwake, kitandani mwake, akiwa mtu mzima sana. Séraphine alikuwa hapa Goma, na barabara kati yao ilikuwa imekatwa na vita tangu zamani. Wasemaji wana jibu lao hata kwa hilo. Wanasema kuna sumu ya polepole, karuho tunayoiogopa sote katika Kivu hii, ambayo mtu hunyweshwa leo akaja kufa baada ya miaka.

Siku wanayosema alimnywesha, mimi nilikuwepo. Ilikuwa nyumbani kwangu. Mume wangu, Laurent Habarurema, angeandika haya mwenyewe kama angekuwa hai, maana Séraphine ni dada yake wa tumbo moja. Sasa jina la nyumba hiyo nimebaki nalo mimi.

Séraphine Uwingabire alizaliwa Jomba, si mbali na Bunagana. Alipokuwa msichana mdogo alibeba viazi kichwani hadi mpakani mwa Uganda, na shule aliiacha njiani, si kwa uvivu bali kwa sababu kila walipoanza muhula risasi zilianza pia. Laurent alimleta Goma. Nilimpa kitanda katika chumba cha binti yangu Daniella, nikataka arudi darasani. Alikaa wiki chache, akanieleza kwa adabu kwamba anaona aibu kukaa na watoto. Akafungua malewa, yaani kibanda cha chakula, cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, upande wa Birere. Fufu, sombe, maharage, na sambaza wa ziwani waliokaangwa hadi wakalia mdomoni. Mimi niliona ni kazi ndogo kwa dada wa mume wangu. Yeye hakuniomba ruhusa.

Kamate aliingia humo akiwa dereva wa lori, mtu wa Butembo, analeta maharage na viazi Goma na kurudi na vitenge. Siku ya kwanza aliketi, akatazama sahani, akakunja mikono.

"Mama, nani ameonja hii?"

Ni swali la kawaida hapa. Chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na kinywaji kisicho na kizibo huonjwa kwanza na anayekileta. Mtu hakasirikii desturi hiyo. Lakini katika malewa, mahali watu wanapokula mbiombio wakarudi kazini, wateja hawaulizi. Séraphine alivuta kiti, akaketi mbele yake, akachukua samaki mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine.

"Sasa mimi nitakula nini?" Kamate akamuuliza.

"Subiri kwanza. Labda sumu iko kwa wa mwisho."

Kibanda kizima kilicheka. Kamate akalipa sahani ambayo hakuila, na kesho yake akarudi. Ndivyo walivyoanza. Walioanza kusema kwamba alimtilia Kamate dawa ya mapenzi katika mboga hawajui kwamba siku ile hakumbakizia kitu cha kutilia dawa.

Haikuwa rahisi. Sisi ni watu wa Rutshuru tunaosema Kinyarwanda, wao ni Wanande, na miaka hii kila upande una makaburi yake na watu wake wa kuwalaumu. Laurent alichukua muda mrefu kukubali. Kamate naye alikwenda Butembo mara nyingi kumbembeleza baba yake, yule Muzee Mbusa. Mwishowe, mwanzoni mwa mwaka 2022, kabla barabara ya Rutshuru haijafungwa, Muzee Mbusa alikubali kuja kumwona msichana. Alikuja katika lori la mwanawe pamoja na dada yake, Mama Kanyere, mwanamke mwenye macho yasiyopumzika.

Kila mtu alijua nini kilikuwa kikipimwa siku hiyo. Kama Muzee angekunywa na kula kwetu, mazungumzo ya mahari yangefunguliwa. Kama angeondoka na kinywa kikavu, Séraphine asingempata Kamate kwa njia ya heshima, na njia nyingine katika nyumba yangu haikuwepo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo waongo wanaporuka. Kwetu, msichana anayeposwa hatii kitu kinywani mbele ya baba mkwe wake. Hali, hanywi, hata maji. Mama yake Séraphine alimfundisha hivyo, na mimi nilifundishwa hivyo. Kwa sababu hiyo tulipanga kwamba yeye atamimina kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika mwenyewe, na Laurent kama kaka atakionja kikombe kabla ya kumkabidhi mgeni. Hivyo kila desturi ingepata haki yake.

Séraphine alipoingia na chungu, honi zikalia nje. Lori la Kamate lilikuwa limeziba njia, na jirani alikuwa akitukana juu ya ukuta. Laurent akatoka kumtuliza, Kamate akatoka kulisogeza. Mimi nilikuwa uani, nikiondoa maharage kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Sebuleni akabaki msichana amepiga magoti na kikombe kimejaa, mbele ya watu wawili waliokuwa wakimngoja anywe.

Mama Kanyere ndiye aliyesema, kama Séraphine alivyonisimulia baadaye. "Binti, na weye?"

Séraphine akainamisha macho, kama alivyolelewa. Kwetu hiyo ni heshima. Kwao, na kwa mtu yeyote wa mji huu, msichana anayeinamisha macho na kukataa kuonja kikombe anachokileta ana jambo analolificha.

"Ataonja kaka yangu, Muzee. Yuko mlangoni."

"Kaka yako," akasema Mama Kanyere. "Na kinywa chako kina kidonda?"

Muzee alikuwa amekula vumbi tangu Kiwanja. Alikuwa pia, lakini hilo hatukulijua, na maumivu ya tumbo aliyokuwa akiyaficha tangu Butembo. "Kanyere, acha mutoto. Nina kiu," akasema, akanywa kikombe chote.

Laurent aliporudi alikuta kikombe kitupu. Akatazama kikombe, akamtazama dada yake, akaelewa. Hakuwa na la kufanya ila kuketi na kuuliza habari za safari. Tukaleta chakula. Muzee hakugusa. Akaweka mkono chini ya mbavu, uso ukabadilika rangi, jasho likamtoka. Kisha akajikunja katika kiti na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisahau.

Mama Kanyere hakumshika ndugu yake. Alikimbilia langoni.

"Wamemupa karuho! Njooni muone, wamemupa ndugu yangu karuho!"

Wanaokaa Goma wanajua mwito huo unaleta nini. Vijana wa mtaa walijaa mbele ya lango, na mawe hapa hayatafutwi, tunayakanyaga. Mmoja alikuwa tayari ameshika la kwake. Mwingine alikuwa akisukuma tairi kuukuu la kuchomea mtu, bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini. Laurent alisimama langoni amepanua mikono. Aliwaambia majina ya baba zao, mmoja mmoja, maana wengi wao aliwasimamia ubatizo. Walirudi nyuma kidogo, lakini hawakuondoka.

Ndani, Kamate alimpigia baba yake magoti. "Papa, twende hospitali. Lori liko tayari."

"Siendi," akasema Muzee kwa meno yaliyofungwa. "Nikitoka hapa bila kujua, mutasema nilikufa kwa ugonjwa."

"Papa, unakufa hapa."

"Basi nife nikijua."

Séraphine alikuwa amesimama kando ya ukuta tangu mwanzo, mikono tumboni. Nilidhani amepigwa na woga. Alikwenda akachukua chungu, akakileta katikati ya sebule, akalifungua pazia la mlango ili walioko langoni waone. Nikaelewa anachotaka kufanya, nikamshika mkono.

"Mbele yake?" nikamuuliza kwa Kinyarwanda.

"Mbele yake, wifi."

Akapiga magoti mbele ya Muzee Mbusa. "Muzee, unisamehe kinywa changu," akasema. Akainua chungu chenyewe, si kikombe, akanywa. Alikunywa akimtazama machoni, jambo ambalo binti wa kwetu halifanyi, na pombe ikamtiririka shingoni hadi kwenye kitenge kipya nilichomshonea. Mimi nilitazama chini. Mama mzazi wa mume wangu angekufa kwa aibu, na siku ile nilifurahi kwamba alikuwa amekwisha kufa.

Kijana mmoja akapaza sauti nje, "Mama, usimalize, sisi pia tuna kiu." Watu wachache wakacheka, wengine wakamnyamazisha.

Kamate akakamata chungu kabla hakijaisha.

"Kamate, acha!" Mama Kanyere alikuwa amerudi ndani. "Unataka nipeleke maiti mbili Butembo?"

"Tantine, nakula kwa huyu muke kila nikishuka Goma. Kama ni karuho, mimi ni maiti tangu zamani." Akanywa kilichobaki, akageuza chungu juu chini ili wote waone.

Watu wote, wa ndani na wa langoni, walikuwa wakiwatazama wale wawili kama wanavyotazama mlima siku unapofuka moshi. Séraphine hakujisogeza. Ningeweza kusikia makaa ya mbabula yakipasuka uani. Niliwaza kwamba hata kama hana kosa, mtu anaweza kuanguka kwa hofu peke yake, na akianguka amekwisha.

Séraphine ndiye aliyesema kwanza. "Muzee, sitaanguka. Lakini wewe unaanguka. Nenda."

Muzee akamtazama mwanawe. "Umekunywa weye?"

"Nimekunywa, Papa."

"Basi nibebe."

Walipita katikati ya wale vijana, Kamate amembeba baba yake mgongoni, na hakuna jiwe lililorushwa. Tairi lilibaki langoni kwangu. Laurent alilitupa mwenyewe.

Hospitali walimpasua siku hiyohiyo. Daktari alituita, mimi na Laurent na Mama Kanyere, akatueleza kwa Kifaransa na tena kwa Kiswahili ili pasiwe na mtu wa kudai hakuelewa: Muzee alikuwa na kidonda cha tumbo cha siku nyingi, alikuwa akimeza vidonge vya maumivu bila kula, na kidonda kimetoboka. Alisema wazi kwamba haikuwa sumu. Mama Kanyere alisikia. Alikuwa ameketi karibu na mimi, akaitikia kwa kichwa. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na leo anayesimulia karuho ya polepole kule Butembo ni yeye.

Muzee alipona. Kabla hajarudi kwake alimtuma Kamate kwetu. Anakubali. Mbuzi wa mahari watakuja. Ila kuna sharti moja, kwa sababu habari imekwisha fika Butembo na majirani wanamwogopa msichana: kila atakapopika katika ukoo wao, awe anaonja kwanza mbele ya watu wote, hadi atakapozaa.

Laurent alifurahi. "Ni tonge moja tu, Séraphine. Kila mutu anaonja."

"Kila mutu anaonja kwa kupenda, yaya," akamjibu kaka yake. "Mimi nitaonja kwa amri."

"Tofauti ni nini? Chakula ni kilekile."

"Siku ile nilikunywa kwa sababu mzee alikuwa anakufa. Sitakunywa kila siku kwa sababu watu wake wanaogopa."

Kamate alikuwa ameketi kando ya mlango, kofia magotini. Nilidhani atamsihi. Alimuuliza tu, "Ndiyo jibu nipeleke?"

"Lipeleke hivyohivyo. Usiliongezee sukari."

Nilimwambia Séraphine kwamba kiburi hicho kitamnyima mume. Alinijibu kwamba kiburi hicho amekiona kwangu tangu alipoingia katika nyumba yangu.

Mbuzi hawakuja. Miezi michache baadaye vita vilifunga barabara, na Kamate akakutwa upande wa Goma, bila barabara ya kuendeshea lori. Alikwenda malewa. Tangu hapo, kila siku kabla ya wateja, huketi kwenye meza iliyo mlangoni, mahali wapita njia wanapomwona, na Séraphine humpakulia kutoka kila sufuria. Anakula taratibu. Hakuna aliyemwamuru. Akimaliza anafuta mdomo na kusema, "Ingieni, mimi bado niko hai," na watu wanaingia. Habari ya kifo cha Muzee ilipofika, alilia hapo mezani, na Séraphine akafunga kibanda siku hiyo. Kesho yake Kamate aliketi tena mahali pake, akala.

Kwa hiyo mwenye kusema Séraphine ni mwuaji, aende Birere mchana, atazame nani anakula wa kwanza, mtoto wa nani.

Najua swali linalobaki, maana mmeshaniuliza, na paroko ameniuliza, na Mama Kanyere amemtuma mtu kuniuliza: mahari haikutolewa, ndoa haikufungwa, je, jioni kibanda kikifungwa Kamate analala wapi? Nimeandika juu ya chungu kwa sababu chungu kilinywewa mbele ya watu. Hilo lingine silijibu. Msinitumie mtu tena.