Wakubwa Walipotangulia Kupanda

Watoto wa Onduparaka, pembeni mwa mji wetu wa Arua, wakiona ndege ndogo inashuka, wanakimbia wakipunga mikono: "Muzungu, bye!" Hawajui nani yuko ndani. Nimewasahihisha mpaka koo limekauka. Nafundisha fizikia shule ya bweni ya wasichana hapa mjini, na miaka yote hii nahangaika kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu mweusi anaweza kurusha ndege, hata kwa starehe tu, Jumamosi, kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Wanacheka. Wananiuliza kama mimi nimewahi. Sijawahi, naogopa hata ngazi, lakini hiyo si hoja.

Kwa hiyo nilipompata rubani, mwanamke mweusi kama sisi, akakubali kuja na ndege ya viti vinne na kuwapandisha wasichana watatu watatu, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Niliyemwazia hasa ni mmoja. Anatoka Koboko, ndoto yake ni urubani, lakini baba yake anauza vitenge sokoni, na baba huyo alikuwa ameshaamua kwamba muhula ule ukiisha binti aache shule arudi kusaidia dukani. Nilimfuata hukohuko Koboko nikambembeleza mpaka akalegea nusu. Tukakubaliana: binti apande ndege yeye akitazama. Akishuka bado anautaka urubani, ataendelea na masomo. Akiogopa, dukani. "Ndege iko kitu ya wazungu, mwalimu," aliniambia, bila ubaya wowote. "Wacha nione na macho yangu."

Siku ikafika. Sasa, kwetu jambo halifanyiki bila wakubwa. Hata ukichimba choo, lazima atafutwe wa kukizindua. Mkuu wa shule alimwalika mwenyekiti wa wilaya, mwenyekiti akaja na mchungaji pamoja na shekhe ili pasiwe na maneno, kila mmoja na hotuba yake, na kila hotuba ilisema vijana wetu lazima waruke. Vijana wenyewe walikuwa wamesimama juani. Binti wa Koboko, kwa kuwa ana adabu, alipewa trei ya soda azungushe.

Hotuba zilipokwisha, mshereheshaji akatangaza kwamba wageni wa heshima watatangulia. Nilimshika mkono nikamwambia ndege imekuja kwa ajili ya wasichana. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Mkubwa abaki chini, mtoto apite juu ya kichwa chake? Wahenga walisema heshima si utumwa, hawakufika Arua. Wakapanda mwenyekiti, mchungaji na shekhe, wakarudi wakipigiwa vigelegele. Wakapanda mkuu wa shule, mke wa mwenyekiti, na bwana mmoja mwenye tai ambaye mpaka leo hakuna anayejua alitoka wapi. Upande wa Kongo wingu lilikuwa limeshatanda.

Rubani akasema imebaki safari moja tu, kisha aondoke kabla ya mvua. Nikawaita wasichana watatu haraka, yule wa Koboko mbele. Akaweka trei chini. Alikuwa ameshafika kwenye bawa mshereheshaji aliposhika tena kipaza sauti: jamani, wazazi tumewasahau, na tunaye hapa mzee ametoka mbali, Koboko, apewe kiti. Watu wakapiga makofi. Baba akanitazama, akamtazama binti yake. Kuikataa heshima ile mbele ya umati kungekuwa aibu, na kila mtu pale alijua, binti naye alijua. Akasogea pembeni akampokea baba yake kofia. Wenzake wawili wakapanda na mzee.

Waliposhuka, matone yalikuwa yameanza. Rubani alituaga mbiombio akaondoka zake, na wakubwa wakakimbilia pilau. Tukabaki watu watatu chini ya upenu, mimi, baba na binti. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie yule mzee maneno ambayo mwalimu hamwambii mzazi. Binti akaniwahi. Alikuwa anamrudishia kofia yake.

"Baba, huko juu ulionaje?"

Mzee aliigeuzageuza ile kofia mkononi.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilifunga macho. Toka kupanda mpaka kushuka."

"Mimi singefunga."

"Najua," akasema baba yake.

Muhula uliofuata alimrudisha shuleni mwenyewe, godoro limefungwa nyuma ya boda. Nilifurahi mpaka nikalia, siwezi kusema uongo. Lakini kupanda ndege, binti yule hajapanda hadi leo, na mwenyekiti kila tukikutana sokoni ananisimulia jinsi Arua inavyopendeza ukiiona kutoka juu.