Bwana Mkubwa na Mzigo Wake

Shemeji yangu, mume wa dada, huwaeleza watu mtandaoni uzuri na ubaya wa maroboti ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, na kazi yangu ni kumshikia simu anapojirekodi. Kabla ya kusema lolote hupangusa vidole kwenye shati, hukohoa kidogo, kisha sauti hunenepa ghafla kama ya mtangazaji wa habari: "Ndugu watazamaji!" Ukucha wa kidole gumba ameufuga makusudi, wa kubandulia vipande, na kila kiungo kikiingia husema "taratiiibu", utadhani anamvisha mtoto soksi. Jumamosi alileta roboti lililojaza nusu ya meza ya chakula, akaliita bwana mkubwa. Likiwa tupu lilisimama kama askari. Alipolivika vifaa vyake vya ziada, mabawa, mizinga na injini nzito ya mgongoni, likaanguka chali. Akaliinua, likaanguka tena. Jasho likamtoka, maana ameapa hasifii kitu kisichosimama chenyewe. Mama yetu, mkwe wake, ambaye mbele yake shemeji huongea kwa kunong'ona, alikuwa akipita na sinia la vikombe.

"Baba, mwinamishe kiunoni. Nani anabeba mtoto mgongoni akasimama wima kama mlingoti?"

Akaliinamisha. Likasimama, mabawa wazi. Shemeji akapangusa vidole, akakohoa, akaigeukia simu. "Ndugu watazamaji, vifaa vyote vimo kwenye boksi, isipokuwa mama mkwe. Huyo mtafuteni wenyewe."