Miwani Yenye Mstari Katikati

Mume wangu aliuma jiwe kwenye maharage, akalitoa mdomoni taratibu na kuliweka ukingoni mwa sahani. Wiki ile ile akauma jingine. Lilipomkuta la tatu alilishika kwa vidole viwili, akalitazama kama mtu anayetaka kulinunua, kisha akaniambia, "Mama, twende ukapimwe macho."

Nilijitetea. Nilisema maharage ya msimu ule yalikuwa machafu, na taa yetu ya sola ilikuwa imechoka. Lakini ukweli nilikuwa nikiyachambua kwa kupapasa. Mbali nako nilikuwa sioni vizuri. Nilishawahi kumwamkia shikamoo binti mdogo wa jirani, kwa sababu alikuwa amevaa kitenge cha mama yake, naye kwa aibu akaitikia marahaba. Lililoniuma zaidi ni Biblia. Mimi ni msomaji wa masomo katika kanisa letu la Kilutheri hapa Songambele, na Jumapili nyingine nilikuwa nasoma kwa kukumbuka kuliko kwa kuona.

Basi tukaenda mjini Kayanga. Nilipimwa, na miwani ilipokuwa tayari tukarudi kuichukua dukani. Fundi, dada mmoja mpole mwenye Kiswahili cha pwani, alinionyesha mstari uliokatiza katikati ya kila kioo.

"Hapa juu unaona mbali, mama yangu. Hapa chini unasoma. Ukishuka ngazi, inamisha kichwa utazame ardhi kwa kioo cha juu. Ukiitazama kwa cha chini, itakudanganya."

"Ardhi ya huku hainidanganyi," nikamwambia. "Nimezaliwa hapo Ndama."

Nikashukuru, nikatoka, na pale pale mlangoni nikakanyaga hewa. Kama si mume wangu kunidaka kiwiko, ningelala barazani mwa watu.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe. Siku ile alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya ndizi za jioni. Macho yake hayaoni sana, lakini aliniona nikivuka uani.

"Mkamwana, mbona unanyanyua miguu kama kuku kwenye majani yenye umande?"

"Ni miwani, mama. Ardhi imenisogelea."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Siku zilizofuata sikucheka naye. Kichwa kiliniuma. Kigoda nilichokiona hapa kilikuwa pale. Nikimimina chai, nusu ilikwenda mezani. Niliivua miwani na kuiweka kabatini, nikaapa haitatoka tena. Mume wangu aliitoa, akaifuta kwa shati lake, akanipa. "Vaa," alisema. Ila niligundua kwamba vigoda vimeanza kusogezwa ukutani, na jembe ambalo miaka yote lililala mlangoni sasa linatundikwa.

Jumapili ikafika, na zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kanisani inashuka katikati ya migomba na mibuni hadi kwenye kijito chenye magogo mawili ya kuvukia. Nimeyavuka nikiwa na ndoo kichwani, nimeyavuka nikiwa mjamzito. Siku ile nilisimama nikashindwa. Nikiinamisha kichwa, magogo yalikuwa mbali. Nikikiinua kidogo, yalipanda hadi magotini mwangu na kuanza kutembea.

Mume wangu alikuwa amekwisha kuvuka. Desturi yetu mume hutangulia, mke hufuata, na tangu anioe sikuwahi kumwona akigeuka njiani isipokuwa kuangalia kama mvua inakuja. Aligeuka. Akarudi juu ya magogo, akanyoosha mkono.

"Watu wanakuja nyuma," nikamnong'oneza.

"Nimewaona."

Akanishika mkono. Alitembea kinyumenyume, akiniambia, "Mguu wa kulia. Sasa wa kushoto. Nitazame mimi, usitazame maji." Nikamtazama. Kwa kioo cha juu uso wake ulikuwa wazi kuliko nilivyouona kwa muda mrefu, na ulikuwa na hofu. Mtu huyu ambaye hata nilipougua malaria kali alisema tu "utapona," alikuwa anaogopa nisije nikalowa.

Tulipofika ng'ambo sikuvuta mkono, naye hakuuachia. Tulipanda hivyo mpaka karibu na kanisa. Kina mama wa kwaya waliokuwa nyuma yetu walinyamaza kabisa, na kunyamaza kwao si jambo la kila siku.

Kanisani nilikutana na taabu nyingine. Meza ya kusomea imeinuka juu. Biblia ikiwa pale juu ilikuwa mbali mno kwa kioo cha chini na karibu mno kwa kile cha juu. Herufi zikawa ukungu. Watu walikuwa wamesimama wakingoja. Nikaona hakuna njia, nikaibeba Biblia yote, kubwa ile ya madhabahuni, nikaisogeza kifuani na kuinua kidevu. Maneno yakatulia. Nikasoma neno kwa neno, hata yale madogo niliyokuwa nimezoea kuyaruka. Biblia ilinilemea, lakini sikutaka somo liishe.

Nje mama mmoja wa kwaya aliniambia, "Leo umesoma kama askofu." Kisha akainama sikioni: "Hiyo miwani inauzwa wapi? Na mimi nataka kushikwa mkono."

Mchana ule, baada ya chakula, mama mkwe aliomba aijaribu. Nilimvika mwenyewe, nikaisukuma vizuri puani. Alitazama viganja vyake, akavigeuza. Mume wangu akachuchumaa mbele yake kwa utani, akamsogezea uso karibu.

"Haya mama, unaona nini?"

Mama mkwe aliinua kidevu. Alitazama kwa muda, akagusa nywele za mwanawe juu ya sikio.

"Una mvi," alisema.

"Ninazo siku nyingi, mama."

"Sikuambiwa." Akamshika shavu. "Umezeeka nikiwa hapa hapa nyumbani, sikukuona."

Mume wangu alitaka kucheka, akashindwa. Alibaki amechuchumaa hivyo hivyo, mikono ya mama yake ikimpitia paji la uso, pua, na kovu la kidevuni alilolipata utotoni. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Tulimpeleka Kayanga wiki iliyofuata. Walisema macho yake ni ya uzee, akapewa miwani nyepesi ya kusomea, isiyo na mstari. Yeye hajui kusoma. Huivaa akikaa kwenye mkeka, na mjukuu akipita humwita, "Njoo karibu nikutazame." Wengine wanamkimbia sasa, kwa sababu akishawatazama huwaambia wakanawe uso.

Mimi macho yamezoea, sijui hasa ni lini. Maharage yangu ni safi, na kijitoni naweza kuvuka peke yangu. Mume wangu anajua kwamba naweza. Jumapili bado anarudi juu ya magogo, na mimi bado nampa mkono.